WALIOTUFUNGULIA NJIA YA KUONGEZEWA DAMU



Ndugu yangu, mama anajifungua usiku, damu inamtoka haikomi. Daktari anaagiza chupa mbili za damu. Asubuhi mama ananyonyesha, nasi tunasema Alhamdulillah. Ni sawa kabisa. Lakini umewahi kujiuliza zile chupa zilifikaje pale?

Mwaka 1667, huko Paris, tabibu Jean-Baptiste Denys alimtia kijana damu ya mwanakondoo. Kijana akapona. Baadaye mgonjwa wake mwingine akafa, kukawa na kesi, Ufaransa ikapiga marufuku. Jambo likalala kwa karne na nusu.

Aliyeliamsha ni James Blundell wa London, mkunga kwa kazi yake. Alikuwa ameona mama akivuja damu mpaka kufa, na yeye amesimama tu. Akafanya majaribio kwa mbwa, akatambua kwamba mnyama akitiwa damu ya jinsi nyingine hufa. Basi akasema mtu apewe damu ya mtu. Akaanza mwaka 1818. Wapo walioishi, wapo waliokufa, wala hakujua kwa nini.

Sababu ilikuja kujulikana Vienna. Karl Landsteiner hakwenda mbali: alichukua damu yake mwenyewe na ya wenzake wa maabara, akatenga chembe nyekundu na maji yake, akawa anachanganya ya huyu na ya yule. Kwingine zikatulia. Kwingine chembe zikashikana mafungumafungu. Fikiria mafungu hayo yakiwa ndani ya mishipa yako! Mwaka 1901 akatangaza makundi matatu ya damu, na mwaka uliofuata wenzake wakaongeza la nne, AB. Nishani ya Nobel akaipata 1930. Na hakustaafu kichwani: mwaka 1940 yeye na Alexander Wiener wakaeleza Rh, ile chanya na hasi unayoiona kwenye kadi ya kliniki.

Ikabaki shida ya damu kuganda. Mwaka 1914 Albert Hustin wa Ubelgiji na Luis Agote wa Argentina, kila mmoja kivyake, wakatumia chumvi ya sitreti kuizuia. Hapo ndipo damu ikaweza kuwekwa chupani ikamsubiri mgonjwa.

Najua atatokea wa kuniuliza, "Sheikh, mbona unawasifu wasio Waislamu?" Na mwingine ataniletea jina la Ibn al-Nafis. Ibn al-Nafis, Allah amrehemu, alieleza safari ya damu kutoka moyoni kupitia mapafu, karne ya 13, na hilo ni lake halali. Kuongezea watu damu hakufanya. Tusimbandike mzee wetu kazi ya mwingine. Uadilifu ni pamoja na kumpa mtu haki yake hata kama hasali na wewe safu moja.

Landsteiner alizaliwa tarehe 14 Juni, 1868. Ndiyo maana tarehe hiyo imefanywa siku ya wachangia damu duniani. Wewe unalijua kundi lako? Na mkeo, unalijua lake?