Sotoka kati ya maziwa mawili

Sotoka ulikuwa ugonjwa wa ng'ombe na wanyama wengine wenye kwato mbili, ukisababishwa na kirusi cha ukoo mmoja na kirusi cha surua. Leo haupo tena. Tarehe 25 Mei 2011 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitambua kwamba nchi zote zimeondokana nao, na mwezi uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likatangaza rasmi kwamba umetokomezwa. Kabla yake ni ndui peke yake iliyokuwa imefutwa duniani. Katika miongo mingi ya kuwepo kwake Afrika Mashariki, kila ulipotaka kushuka kusini ulilazimika kupita katika ukanda wa nchi kavu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao upande wake wa magharibi ni uwanda wa juu wa Ufipa. Atokaye Majengo, mjini Sumbawanga, akashika barabara ya Matai na Kasesya hadi Mbala nchini Zambia, anapita katika ukanda huo.

Sotoka ulianzia kwa ng'ombe wa Asia na Ulaya, na ni wa zamani kuliko kumbukumbu nyingi zilizoandikwa. Surua ya binadamu ilichipuka katika nasaba hiyo hiyo. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya kusoma jeni za kirusi cha surua kutoka katika pafu la mtoto aliyefariki Berlin mwaka 1912. Kwa kukilinganisha na virusi vya miaka ya karibuni, walikadiria kwamba surua na sotoka huenda viliachana mapema kama karne ya sita kabla ya Kristo. Ndio wakati miji mikubwa ilipoanza kuwa na watu wa kutosha kukilisha kirusi ambacho kila aliyepona hakipati tena.

Mbegu ya kirusi cha sotoka ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 16,000. Wakati wa kuunakili uzi huo makosa hutokea mara kwa mara wala hayasahihishwi, na hapo ndipo aina mpya huzaliwa. Hata hivyo, kirusi hiki kilikuwa na mpaka wake. Kirusi cha mafua kina vipande vinane vya RNA, na mafua mawili yakikutana katika mnyama mmoja vipande hivyo huchanganyika, kikatoka kirusi chenye sura ambayo kinga ya mwili haijapata kuiona. Bakteria nao hupeana jeni, hata za kuhimili dawa. Kirusi cha sotoka, kwa kuwa uzi wake haukukatika vipande, hakikuwa na soko la namna hiyo. Makali yake yalipanda na kushuka, lakini protini zake za nje zilibaki karibu zile zile, na kinga iliyopatikana kwa aina moja ilizuia aina zote. Udhaifu huo ndio uliokuja kukimaliza.

Kirusi kiliingia mwilini kwa pumzi au mate ya mnyama aliyesimama karibu, kikashambulia kwanza seli za kinga zenyewe. Homa ilifuatwa na machozi na kamasi, vidonda vya ufizi na ulimi, kisha kuhara kulikomaliza maji yote mwilini. Ng'ombe wengi walikufa ndani ya wiki mbili tangu homa ianze. Aliyepona alikuwa na kinga ya maisha na hakubaki akieneza ugonjwa. Kirusi chenyewe hakikudumu katika jua wala katika udongo, kwa hiyo kilihitaji mnyama mpya bila kukoma.

Afrika Mashariki ilikipata kwa njia ya biashara na vita. Mwaka 1887 ng'ombe wagonjwa walishushwa katika pwani ya Eritrea, wakati jeshi la Italia likijiimarisha huko, na kutoka hapo maradhi yakatelemka kusini. Kufikia 1891 yalikuwa yameteketeza mifugo ya Wamasai. Oscar Baumann, aliyepita nchi hiyo wakati huo, aliandika habari za watu waliobaki mifupa kwa njaa. Nyati na wanyama wengine wa porini walikufa pia. Kufikia 1892 sotoka ulikuwa umefika kusini mwa Ziwa Tanganyika. Mto Zambezi uliuchelewesha miaka michache, lakini mwaka 1896 ukavuka, na mwaka uliofuata ukafika Rasi ya Tumaini Jema.

Athari zake kwa ardhi zilitofautiana mahali na mahali. Katika sehemu kadhaa mbung'o walipungua mwanzoni, kwa sababu wanyama waliowanyonya damu walikuwa wamekufa. Baadaye malisho yasiyoliwa yaligeuka vichaka, wanyamapori wakaongezeka upesi kuliko ng'ombe, na mbung'o wakarudi na kuenea zaidi ya awali. Kwa Ufipa tofauti hii ina uzito wa pekee: uwanda wa juu hauna mbung'o na unafaa kwa ng'ombe, huku misitu ya chini, kuelekea Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika, ikiwa makao yao.

Ukanda wa kati ya maziwa uligeuka kuwa mstari wa ulinzi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sotoka ulipoelekea tena kusini, kizuizi kilichowekwa ni ng'ombe waliopewa kinga katika eneo la mpaka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 hofu ilirudi, safari hii kwa sababu ya wanyamapori. Serikali za kikoloni za kusini zilikubali kugharimia uzio wa miti na matawi, na wanyama walipigwa risasi ili pawepo eneo tupu. Madaktari wa mifugo A. D. Thomas na N. R. Reid walieleza kazi hiyo katika jarida la Onderstepoort mwaka 1944. Sotoka haukushuka kusini, lakini dhana iliyowasukuma watu kuua wanyama ilikuja kuonekana kuwa na kasoro kubwa.

Ushahidi ulitoka Serengeti. Chanjo ya ng'ombe ilipoenea kandokando ya mbuga hiyo, sotoka ulitoweka kwa nyumbu pia, ingawa hakuna nyumbu aliyechanjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000. Kufikia 1977 walizidi milioni moja. Maana yake ni kwamba chanzo kilikuwa ng'ombe, na pori lilikuwa likipokea tu. Walioua wanyama ili kuokoa ng'ombe walikuwa wamelishika suala kinyume, ingawa kwa elimu ya wakati wao ni vigumu kuwalaumu sana.

Njia ya kufika kwenye chanjo hiyo ilikuwa ndefu. Robert Koch, akiwa Kimberley mwaka 1896 na 1897, alitumia nyongo ya ng'ombe waliokufa kwa sotoka kuwakinga wengine. Mwaka 1902 Nicolle na Adil-Bey walionyesha mjini Istanbul kwamba kisababishi hupenya katika chujio linalozuia bakteria. Katika miaka ya 1920, J. T. Edwards aligundua nchini India kwamba kirusi kikipitishwa kwa mbuzi mara nyingi hupungua makali kwa ng'ombe, na Kabete nchini Kenya ikatengeneza chanjo ya namna hiyo. Ilifaa, ila baadhi ya ng'ombe dhaifu waliugua kwa chanjo yenyewe.

Tatizo hilo lilimalizwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Walter Plowright na R. D. Ferris walichukua kirusi cha aina ya Kabete O na kukikuza katika seli za figo za ndama, kikihamishwa kutoka chombo hadi chombo takriban mara 90. Kila mara makosa ya kunakili yalijikusanya, na kirusi kikazoea maisha ya chupani hadi kikasahau namna ya kumuua ng'ombe. Mwaka 1962 chanjo ilikuwa tayari. Haya ni mageuzi ya viumbe yaliyosimamiwa na binadamu. Dozi moja ilikinga maisha yote, lakini ilihitaji baridi, na vijiji vingi havikuwa na jokofu. Baadaye Jeffrey Mariner na wenzake waliitengeneza upya ili ivumilie joto kwa wiki kadhaa.

Kirusi nacho hakikukaa kimya. Nasaba iliyoitwa ya pili ya Afrika, ambayo haikuonekana tangu miaka ya 1960, iliibuka mwaka 1994 Tsavo na kuua nyati, tandala mdogo na pofu, huku kwa ng'ombe dalili zikiwa hafifu mno hata wafugaji hawakuzitambua. Mwaka 1997 ilifika kaskazini mwa Tanzania, na wilaya za huko zikachanjwa haraka kwa hofu ile ile ya miaka ya 1930, yaani ugonjwa kushuka kusini. Nyati wa Hifadhi ya Meru nchini Kenya, mwaka 2001, ndio waliokuwa wagonjwa wa mwisho kujulikana duniani. Mwezi Juni 2019 maabara ya Pirbright nchini Uingereza iliteketeza akiba yake ya virusi, baada ya kusoma na kuhifadhi mfuatano wa jeni zake.

Binamu wa kirusi hicho bado yupo. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008, ikaenea hadi mikoa ya kusini. FAO na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani zimelenga kuimaliza ifikapo 2030. Kirusi chake kina nasaba nne, nazo zote huzuiwa na chanjo moja, ambayo kinga yake hudumu miaka isiyopungua mitatu. Mfugaji wa Ufipa anayesikia kampeni ya chanjo imefika kijijini asibakize mbuzi nyumbani.