Vyuma vya Athens na Mtungi wa Maji

Mama, ikiwa uko Namanga, Kitengela au kule ndani Kajiado na mtungi wako uko tayari mlangoni, hebu uuache kidogo. Leo nakupeleka mbali, hadi mji wa Athens huko Ugiriki, mwaka wa 1896, wanaume walipokutana kushindana kunyanyua vyuma. Kisha tutarudi kwa mtungi wako.

Hiyo ndiyo iliyokuwa Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya nyakati zetu. Tarehe 7 Aprili, washindani walijitokeza uwanjani, mbele ya watu, kunyanyua vyuma kwa mikono miwili, halafu kwa mkono mmoja. Hakuna aliyewapima kwanza ili mwembamba ashindane na mwembamba mwenzake na mnene na mnene. Wote waliwekwa pamoja. Wanawake hawakuruhusiwa kushindana katika mchezo wowote mwaka huo.

Wawili ndio waliotia fora: Viggo Jensen wa Denmark na Launceston Elliot wa Uingereza. Walikuwa vijana wa miaka 21, wote wawili wamezaliwa mwezi wa Juni 1874. Kwa mikono miwili, kila mmoja aliinua kilo 111.5. Sasa hesabu nami. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una kilo 20 na kitu. Basi kila kijana aliinua juu ya kichwa mitungi mitano na nusu kwa mara moja!

Walipokuwa sawa hivyo, mshindi angepatikanaje? Mwamuzi alikuwa Mwanamfalme George wa Ugiriki. Aliamua kwamba Jensen ameinua vizuri zaidi, kwa sababu Elliot alisogeza mguu mmoja akiwa na mzigo. Waingereza walilalamika, wote wawili wakapewa nafasi nyingine, lakini hakuna aliyeongeza hata kidogo. Jensen akabaki mshindi. Mimi nampenda mwamuzi huyu. Hakuangalia uzito peke yake, aliangalia pia jinsi mwili ulivyosimama.

Lakini Jensen, katika kujaribu uzito mkubwa zaidi, alikuwa ameumia bega. Ilipofika zamu ya mkono mmoja, Elliot aliinua kilo 71. Jensen, yule aliyetoka kushinda, aliweza kilo 57 tu. Siku hiyo hiyo moja! Hapo ndipo nataka ukae kidogo, mama. Bega halikuuliza kama wewe ni bingwa. Lilichoka, likaongezewa, likaumia.

Kuna na kisa kingine cha siku hiyo ambacho husimuliwa hadi leo. Mtumishi alijaribu kuondoa chuma kimoja uwanjani akashindwa. Mwanamfalme George, aliyekuwa mtu mkubwa wa mwili, akakiinua na kukitupa kando kama si kitu. Watu wakashangilia. Hakuna aliyefikiria kumpa yule mtumishi mzigo wa kiasi chake.

Wanawake walingoja hadi mwaka wa 2000, huko Sydney, ndipo wakaruhusiwa kunyanyua vyuma katika Olimpiki. Mwaka wa 2008 Mkenya mwenzetu Mercy Obiero alishindana Beijing. Yaani miaka zaidi ya 100 walisema mzigo ni kazi ya wanaume, na huku nyumbani nani alikuwa akibeba maji na kuni?

Sasa chukua mtungi wako. Simama karibu nao, miguu imeachana kidogo. Kunja magoti, usiiname kwa kiuno. Uvute mtungi ukugusie mwili, kisha inuka kwa nguvu za mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde mgongo ukiwa na mzigo. Ukiweza, beba mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, kuliko mmoja wa 20 upande mmoja. Kama kuna punda nyumbani au kijana mwenye nguvu, waombe. Na msichana wa darasa la tatu asipewe mtungi wa mama yake, mpe kidumu kidogo.

Mama mjamzito, viungo vyako hulegea wakati huu, na mgongo huumia upesi. Punguza uzito kadiri mimba inavyokua. Aliyejifungua kwa upasuaji asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki 6 hivi, mpaka muuguzi amkague. Najua utasema, nani atachota maji? Zungumza na mume wako, mama mkwe na majirani kabla ya kujifungua, si baada ya mshono kuuma.

Nenda kliniki bila kuchelewa ukiona damu au maji yakitoka wakati wa mimba, ukihisi kitu kizito kinashuka ukeni, ukishindwa kuzuia mkojo, au maumivu ya mgongo yakiteremka mguuni na mguu kufa ganzi. Mwambie muuguzi unabeba maji mara ngapi kwa siku, na kutoka umbali gani. Usione haya.