Nyeusi kwa Nyeusi

Kwenye kopo la maziwa ya unga mezani kwangu, hapa Kariakoo, mna skrubu za aina mbili tu. Zenye meno mapana ni za kipimo cha inchi, cha Kimarekani. Hizo hufunga kava, pawasaplai na hadidiski. Zenye meno membamba ni za milimita 3, nazo hufunga siidii. Kwa kopo hilo nimefunga karibu kila kompyuta ya ofisi iliyopita mikononi mwangu, iwe imeundwa Texas, Taiwan au Ujerumani. Vijana ninaowafundisha hawalistaajabii jambo hilo. Mimi huwaambia wafungue mashine mbili za fotokopi za kampuni tofauti, wajaribu kutoa gia huku waipachike kule. Hapo ndipo huanza kuuliza.

Jibu lake linaanzia kwenye haraka. Mwaka 1980 IBM walikuwa mabingwa wa mitambo mikubwa ya mashirika, lakini kompyuta ndogo walikuwa wakiuza wengine. Kikundi kidogo huko Boca Raton, Florida, kikapewa kama mwaka mmoja kuunda ya kwao. Kwa desturi ya IBM ya kujitengenezea kila kitu, mwaka ni kama kesho. Basi kikosi hicho, chini ya Don Estridge, kikaingia sokoni kama mtu yeyote: chipu ya 8088 kwa Intel, programu endeshi kwa Microsoft, diski kwa Tandon, na printa ya Epson ikabandikwa nembo ya IBM. Hata saa ya ndani ilitumia kristali ya megahezi 14.318, ambayo ilikuwa rahisi kupatikana kwa sababu ya televisheni za rangi za Marekani. Wakaigawa kwa tatu, mashine ikakimbia kwa megahezi 4.77. Hakuna mhandisi ambaye angeichagua namba hiyo kwa mapenzi yake.

Ikatangazwa tarehe 12 Agosti 1981, bei kuanzia dola 1,565. Kwa pesa hiyo ulipata memori ya kilobaiti 16, bila diski wala monita. Ndani mlikuwa na sloti tano za kuchomeka kadi. Kisha IBM wakafanya jambo ambalo mpaka leo huwa nawashukuru kimoyomoyo: wakauza kitabu cha ufundi chenye michoro yote ya umeme, pamoja na maandishi kamili ya BIOS, ile programu ndogo iliyomo kwenye chipu inayoiamsha mashine. Walitaka watu wengine watengeneze kadi, na kadi zikatengenezwa. Ila mwenye kitabu hicho aliweza pia kutengeneza mashine nzima. Kilichomzuia ni BIOS peke yake, kwa kuwa ilikuwa na hakimiliki.

Waliovuka kizuizi hicho kwa ustadi ni Compaq wa Houston, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1982 na watu watatu waliotoka Texas Instruments. Watu wa kundi moja waliisoma BIOS ya IBM na kuandika inafanya nini, basi. Kundi la pili, la watu ambao hawajawahi kuiona, likaandika mpya kwa kufuata maelezo hayo. Mahakamani huwezi kumshtaki mtu kwa kunakili kitu ambacho hajakiona. Mashine yao ya kwanza waliiita ya kubebeka. Ilikuwa na kilo 13 hivi, na aliyeibeba kwenye ngazi za ghorofa nne anajua walikuwa na maana gani. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikaanza kuuza BIOS ya namna hiyo kwa yeyote mwenye pesa. Lango likawa wazi.

Huku kwetu kizazi cha mitambo mikubwa kilitupita kwa sehemu kubwa, maana Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Masharti yalipokuja kulegezwa, mashine tulizozizoea ni hizi za mfano wa IBM, nyingi zikiwa nakala. Ndizo nilizojifunzia kazi mwishoni mwa miaka ya tisini.

Nakala hizo zilifuata umbo la mashine ya IBM ya mwaka 1984, iliyoitwa AT, hadi kwenye vichwa vya umeme. Pawasaplai ya AT ilikuwa na vichwa viwili vya kuchomeka kwenye mazabodi, P8 na P9, kila kimoja na nyaya sita. Vichwa vyenyewe vilifanana, na ungeweza kuvipishanisha bila kukwama popote. Mzee aliyenifundisha kazi hakunieleza volti. Alisimama nyuma yangu akasema, “Kijana, nyeusi kwa nyeusi. Ukikosea, bodi utailipa wewe.” Maana yake, nyaya nne nyeusi zikutane katikati, mbili za huku na mbili za kule. Ukigeuza, ukiwasha tu volti 12 inaingia mahali isipotakiwa na moshi unatoka kabla hujawahi kuzima. Kanuni nzima ya usalama wa mashine ya dola elfu kadhaa ilikuwa ni rangi ya nyaya na kumbukumbu ya fundi.

IBM walipoona wengine wanavuna shamba lao, walijaribu kulizungushia ua. Tarehe 2 Aprili 1987 wakaleta PS/2 yenye sloti mpya, Micro Channel. Kiufundi ilikuwa nzuri, nasema hivyo bila kinyongo. Lakini kadi zako za zamani hazikuingia, mtengenezaji mwingine alitakiwa kulipa ada, na ukichomeka kadi mpya ulihitaji disketi maalumu ya kuitambulisha kwa mashine. Disketi ikipotea, umekwama. Septemba 1988 kampuni tisa, Compaq wakiongoza na HP, NEC, Epson na Olivetti wakiwemo, zikatangaza sloti yao, EISA. Ilikuwa na mashimo ya ngazi mbili: kadi ya zamani inasimama ngazi ya juu, mpya inazama hadi ya chini. EISA yenyewe iliishia zaidi kwenye seva, na kuanzia mwaka 1992 PCI ya Intel ikaja kuzifunika zote mbili. Lakini Micro Channel ilikuwa imeshakosa soko. Katika PS/2 kilichosalia ni vile ambavyo kila mtu aliviiga: tundu la monita la VGA lenye pini 15, na matundu madogo ya duara ya kibodi na mausi, ambayo baadaye yalipewa zambarau na kijani.

Mwaka 1995 Intel wakatoa umbo la ATX, na habari ya nyeusi kwa nyeusi ikaisha. Kichwa kikawa kimoja, pini 20, kisichokubali kugeuzwa. Kwa fundi, zawadi kubwa ni waya wa kijani. Ukiuunganisha na mweusi kwa kipande cha waya, pawasaplai inaamka peke yake bila mazabodi, na kwa nusu dakika unajua ugonjwa uko upande gani.

Kiwango hakikumaliza matatizo yote. Mashine za mtumba kutoka Marekani zilifika na swichi nyekundu ya nyuma ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230, kapasita zinapasuka kama fataki. Ubaya zaidi ulitoka kwa kampuni moja kubwa, sitaitaja, iliyotumia kichwa kile kile cha pini 20 huku nyaya ndani yake imezihamisha. Mhasibu mmoja aliniletea bodi iliyoungua baada ya mpwa wake kuiwekea pawasaplai mpya ya dukani. Kijana hakukosea chochote; kichwa kiliingia sawasawa.

Kompyuta nyembamba za ofisi za siku hizi nyingi zina vichwa vyao wenyewe, vya pini chache na volti 12 tu, na kila kampuni na mpangilio wake. Intel wametoa kiwango cha pini 10 kwa umeme wa aina hiyo, lakini mzigo unaonifikia bado haukifuati. Kwa hiyo ninaponunua mtumba kwa jumla, kabla ya kuuliza ramu wala mwaka, nafungua kava na kuhesabu pini. Zikiwa 24, yaani ATX ya siku hizi, tunaongea bei. Zikiwa sita, muuzaji anipe na pawasaplai ya akiba, au mzigo abaki nao.