Chakula cha Kimbilio

Wanaikolojia wana istilahi ya chakula ambacho mnyama hakichagui akiwa na nafasi ya kuchagua, ila hukila zaidi kadiri kile anachokipenda kinavyoadimika. Kwa Kiswahili napendekeza tukiite chakula cha kimbilio. "Chakula cha njaa" hakifai, kwa kuwa mnyama anaweza kukila asikonde. "Cha akiba" kinapotosha: hakuna aliyekiweka, kimo msituni siku zote, kinapitwa tu. "Cha dharura" nacho kinaleta picha ya magunia ya msaada, ilhali hali yenyewe huweza kurudi kila mwaka. Wahenga walishaliona: akosaye la mama, hata la mbwa huamwa.

Mwaka 2007 watafiti Andrew Marshall na Richard Wrangham walivigawa vyakula hivi mafungu mawili. Kuna kimbilio la kutegemea, linaloweza kuwa mlo mzima kwa msimu, na kimbilio la kujazia, lisilotosha peke yake.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri wilayani Rusizi, Rwanda, na jirani zake. Katika msitu wa Nyungwe, mbega wa Angola ana tumbo lenye vyumba, ambamo bakteria huchachusha majani, hata yaliyokomaa; kwake majani ni kimbilio la kutegemea. Kundi moja la mbega hao limewahi kupita 300, idadi ambayo kwingineko ni nadra mno. Sokwe hana tumbo la namna hiyo. Yeye hufuata matunda yaliyoiva, tini za mikuyu zikiwemo. Yakipungua, sokwe hutawanyika katika vikundi vidogo wasigombanie kilichobaki, na hutafuna majani na viini vya mashina ya mimea ya chini. Hapo anajazia tu. Bado anasaka tunda.

Mazingira yakibadilika, kimbilio ndilo huamua nani abaki. Ukame wa 1977 katika kisiwa cha Daphne Major, Galapagos, ulimaliza mbegu ndogo, zikabaki kubwa na ngumu. Miongoni mwa ndege wa aina moja, wenye midomo mikubwa ndio waliosalimika zaidi.

Sasa tazama Cyamudongo, msitu mdogo wa Rusizi ulio sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, lakini umetenganishwa na msitu mkuu kwa mashamba na vijiji. Humo pia wamo sokwe. Mwenzao wa Nyungwe akikosa matunda bondeni hupanda mlima kutafuta mti mwingine. Wa Cyamudongo akitembea kidogo tu anakuta shamba la mtu, na ugomvi unaanza.

Kwa hiyo kuhesabu miti ya matunda hakutoshi kupima afya ya msitu kama huo. Swali ni kinacholiwa mwezi ule ambao hakuna tunda. Anayerudishia msitu na apande mikuyu, lakini asifyeke mimea ya chini kwa kuidhania magugu.