Wapangaji wa Mtandaoni: Tulivyotoka Kwenye Blogu Zetu Tukaingia Nyumba za Watu

Leo tuwaache mastaa wapumue, hamna nani kaachana na nani. Nina swali moja linanizunguka kichwani siku nyingi. Kwa nini mtu wa Airtel anampigia mtu wa Voda na simu inaita vizuri tu, lakini mtu wa TikTok hawezi kumfuata mtu wa Instagram bila kufungua akaunti nyingine?

Kabla hujasema "si kampuni tofauti hizo", ngoja kwanza. Airtel na Voda nazo ni kampuni tofauti, tena zinagombania wateja haohao.

Kaka na dada zetu wanakumbuka zama ambazo kumtumia hela mtu wa mtandao mwingine ilikuwa shughuli. Ndiyo maana mtu alikuwa anatembea na laini tatu na simu ya Kichina ya laini mbili. Mwaka 2014 Tigo (siku hizi Yas) na Airtel wakakubaliana hela zivuke kutoka kwao kwenda kwa wenzao, Zantel nao wakaingia, na 2016 Vodacom wakajiunga. Tanzania ikawa kati ya nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Halafu Machi 2017 ikaanza huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Ukichoshwa na kampuni, unabeba namba yako unaondoka, na wateja, mama mkwe na wanaokudai wanakupata vilevile.

Shika hayo maneno mawili: kuvuka na kuhama. Historia yote ya mitandao ya kijamii iko humo.

Mwanzoni milango ilikuwa wazi

Intaneti haikuzaliwa na kuta. Barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa alama ile ya @ ilitumwa na Ray Tomlinson kule Marekani mwaka 1971. Mpaka leo mtu wa Gmail anamwandikia mtu wa Yahoo au mwenye anwani ya ofisi yao, na hakuna anayeuliza upo kampuni gani. Barua inavuka tu, kwa sababu wote wanafuata utaratibu mmoja ambao hauna mwenyewe.

Wavuti nayo hivyohivyo. Tim Berners-Lee alipeleka wazo lake mwaka 1989 akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN wakatangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuitumia teknolojia hiyo bila kulipa. Wangeweza kudai chao kila tovuti inapofunguliwa. Hawakudai. Kwa hiyo kila tovuti unayoifungua leo, hata hii ya umbea wetu, imesimama juu ya zawadi ile.

Baadaye zikaja programu za kumrahisishia mtu wa kawaida. Blogger ilianza 1999, ikanunuliwa na Google 2003. Mwaka huohuo wa 2003 ikaja WordPress, ambayo kodi zake za programu ziko wazi, yeyote anaweza kuzichukua na kuziweka kwenye seva yake. Ghafla hukuhitaji gazeti wala stesheni ya redio ili usikike.

Zama za libeneke

Huku kwetu jina la kwanza kutajwa ni Ndesanjo Macha. Blogu yake iliitwa Jikomboe, na jina lenyewe linajieleza. Aliandika kwa Kiswahili wakati wengi wakiamini kompyuta inaongea Kiingereza tu, na akawahamasisha wengine wafungue zao. Septemba 2005, wakiwa Helsinki, Finland, akamsaidia mpiga picha mmoja wa gazeti kuanzisha blogu. Mpiga picha huyo ni Issa Michuzi, na mengine yaliyofuata ukimwuliza mtu yeyote aliyekuwa na kompyuta enzi hizo atakusimulia.

Harusi, misiba, mechi, wasanii, viongozi, vyote vilikuwa pale. Mdau wa ughaibuni aliamka na baridi yake akafungua aone Dar kumekuchaje. Watu wakajifunza neno "libeneke". Chini ya kila picha kulikuwa na maoni, na wale wasiotaka kujulikana ndio walikuwa na maneno makali kuliko wote. Mwaka 2006 ikaanza Jambo Forums, ambayo 2008 ikabadili jina kuwa JamiiForums, watu wakaanza kujadili mambo mazito bila kutaja majina yao halisi.

Kitu ninachokipenda kwenye zama zile ni hiki: kila mmoja alikuwa na kwake. Pembeni mwa blogu kulikuwa na orodha ya blogu nyingine, kama jirani anayekuelekeza duka la mwenzake. Kulikuwa na RSS pia, mlisho unaokuletea habari mpya za blogu zote unazozipenda sehemu moja, kwa mpangilio wa muda, bila mtu wa kati kuamua uone nini. Kuvuka kulikuwepo.

Na kuhama je? Ni kweli wengi walikuwa Blogspot, na Blogspot ni ya Google, kwa hiyo nao walikuwa wapangaji. Ila walikuwa wapangaji wenye haki. Uliweza kununua jina lako la tovuti, ukapakua maandishi yako yote, ukahamia WordPress, na msomaji akaandika anwani ileile akakukuta.

Tukabeba virago

Mbona tukahama sasa? Tusidanganyane, hakuna aliyetushikia panga.

Facebook ilianza 2004 kwa wanafunzi wa Harvard, 2006 ikafunguliwa kwa watu wote. Mwaka 2009 mkebo wa SEACOM ulipotua Dar, intaneti ikaanza kutoka kwenye intaneti kafe na kuja mfukoni. Mwaka huohuo Facebook ikaja na Kiswahili. Instagram ikaanza 2010, na Aprili 2012 ikafika kwenye simu za Android, ambazo ndizo za wengi wetu. Ndani ya mwezi huohuo Facebook wakatangaza kuinunua kwa dola bilioni 1.

Huko kulikuwa rahisi. Blogu inataka uandike, upange picha, utafute wasomaji. Instagram unapiga, unaposti, mashabiki washafika. Tena bure. Msanii ambaye angelipia mtu amtengenezee tovuti akaona ya nini.

Halafu ikaja 2018. Kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zikataka mwenye blogu awe na leseni: ombi shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000, na ada ya mwaka shilingi 1,000,000. Jumla milioni 2 na laki 1 kabla hujaandika neno. Adhabu ya kukiuka ilianzia faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi 12. Juni mwaka huo JamiiForums wakazima mtandao wao kwa muda, na baadhi ya wanablogu wadogo wakafunga moja kwa moja. Kanuni zimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini kijana aliyekuwa na blogu ya mashairi au mapishi alishapiga hesabu zake. Ukurasa wa kwenye mtandao wa kijamii haukumdai milioni mbili. Akaenda huko.

Kwa hiyo tulivutwa kwa urahisi na tukasukumwa kwa gharama. Vyote viwili.

Kodi tunayolipa

Nyumba ya kupanga ina raha zake mpaka siku mwenye nyumba anapobadilika. Mwaka 2009 Yahoo waliifunga GeoCities, mtaa wa kurasa binafsi za mamilioni ya watu, ambao waliununua wenyewe miaka kumi nyuma kwa dola zaidi ya bilioni 3. Tarehe 1 Julai 2013 Google wakaizima Reader, ambayo wengi ndiyo waliitumia kusomea mlisho wa RSS. Januari 2017 Vine ikafungwa. Mwaka 2019 MySpace wakakiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa kabla ya 2016 zimepotea wakati wakihamisha seva. Fikiria wewe ni msanii, demo yako ya kwanza ilikuwa huko tu.

Sio lazima pafungwe ili uumie. Mwaka 2016 Instagram waliacha kupanga picha kwa muda, mashine ikaanza kuchagua nani aone nini. Ndiyo maana una wafuasi elfu kumi na posti inaonwa na mia tatu, kisha unashauriwa ulipie ili wafuasi wako wakuone. Wako, uliowatafuta mwenyewe! Na Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa saa kama sita dunia nzima. Watu walikaa na bidhaa zao hawana pa kumpata mteja.

Kuna dada mmoja mpambaji maharusi, jina tunaliacha kwa heshima yake. Alijenga ukurasa miaka sita. Oda zote zilipitia humo. Asubuhi moja akakuta akaunti imefungwa kwa "kukiuka taratibu", haelezwi taratibu ipi. Akajaza fomu, akajibiwa na mashine. Picha za kazi zake hakuwa nazo kwingine, simu ya zamani iliibiwa. Sasa hivi ameanza upya, ana wafuasi mia nne. Hodari ni yeye yule, mikono ni ileile, ila kwa mteja mpya ni kama kaanza kazi jana. Angekuwa kahamisha namba ya simu angebaki na wateja wake. Huku hakuna kubeba namba.

Wanaogonga kuta

Wapo wanaojaribu kurudisha kuvuka na kuhama. Mwaka 2016 kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko, alitoa Mastodon, mtandao unaofanana na Twitter lakini hauna mwenye nyumba mmoja. Yeyote anaweza kuweka seva yake, na aliye kwenye seva hii anamfuata wa seva ile, kama barua pepe. Januari 2018 shirika linaloweka viwango vya wavuti, W3C, likaupitisha rasmi utaratibu unaoitwa ActivityPub, ambao ndio lugha ya pamoja ya mitandao hiyo. Elon Musk aliponunua Twitter kwa dola bilioni 44 Oktoba 2022, watu wengi walikimbilia huko. Bluesky nayo ilifungua milango kwa wote Februari 2024, ikiwa na utaratibu wake wa kumwezesha mtu kuhama na wafuasi wake. Hata Meta wameanza kuruhusu akaunti za Threads kuwasiliana na watu wa Mastodon.

Sitawauzia maneno matamu lakini. Huko kote mashoga zetu na wateja wetu hawapo. Seva ndogo inaendeshwa na mtu anayejitolea, akichoka au akiishiwa hela anaizima. Na mwenye bando la siku hawezi kulichoma kwenye ukumbi mtupu. Mitandao ya simu haikuungana kwa sababu wateja walihamia kampuni ndogo yenye roho nzuri. Iliungana kampuni zilipoona faida ya kuungana, na namba ikahamishika kwa sababu mamlaka ilisema namba ni ya mteja. Nadhani ndiko tunakoelekea hata na hili, siku tutakapoanza kudai kwamba wafuasi nao ni wa mtu.

Mpaka siku hiyo, mimi nafanya ya uwezo wangu. Napiga picha na kuposti kule kama kila mtu, maana watu wako kule. Ila kila ninachoandika nakala yake inabaki hapa, kwenye jina la tovuti ninalolilipia kwa mwaka, gharama ndogo kuliko wigi. Namba za wasomaji wanaotaka kupata habari nimeziandika, na picha ziko kwenye diski. Nyumba ni ndogo, wageni wachache, lakini ufunguo ninao.

Wewe je? Ukurasa wako ukizimika kesho asubuhi, wateja au mashabiki zako watakupata wapi? Na wale wakongwe wa libeneke, tukumbusheni: blogu gani ya zamani mnaitafuta mpaka leo na haifunguki? Shusheni hapo chini, nasoma zote.