Mandolini: Jina Moja, Miundo Miwili

Mtunga kamusi afikapo kwenye jina la ala ya muziki, aghalabu huridhika kuandika "ala ya nyuzi" kisha akaendelea na safari yake. Katika makala haya nakusudia kuonyesha, kwa mfano wa mandolini, ya kwamba maelezo hayo hayatoshi, na kwamba historia ya jina haifahamiki vema mpaka tumeitazama kazi ya fundi.

Jina lenyewe ni la Kitaliani: mandolino, maana yake mandola ndogo. Mandolini ya Napoli ilipata umbo lake katikati ya karne ya 18, na ukoo wa Vinaccia ni miongoni mwa mafundi waliosifika sana kwa kuiunda. Ina jozi nne za nyuzi, zinazokazwa kwa sauti zile zile za fidla, na hupigwa kwa kijibanzi.

Fundi wa Napoli huanza na kalibu. Huchukua vibao vyembamba, akavipasha moto mpaka vikubali kukunjika, akavipanga kimoja kando ya kingine juu ya kalibu na kuviunganisha kwa gundi. Mbavu hizo mara nyingine huzidi ishirini. Kalibu ikiondolewa, hubaki bakuli jepesi. Uso wake ni ubao mwembamba uliokunjwa kidogo nyuma ya daraja, ili ustahimili mkandamizo wa nyuzi.

Huko Marekani, Orville Gibson wa Kalamazoo, Michigan, alipewa haki ya uvumbuzi mwaka 1898 kwa njia iliyo kinyume cha hiyo. Yeye alishikilia ya kwamba ala iliyoungwa kwa vipande vingi haitoi sauti njema. Kwa hiyo aliuchonga uso na mgongo kwa mfano wa fidla, na pembeni mwake pia akapachonga badala ya kukunja ubao. Kampuni iliyoanzishwa kwa jina lake mwaka 1902 baadaye ilikubali kukunja mbao za pembeni, walakini uso na mgongo uliendelea kuchongwa. Mwaka 1922, Lloyd Loar akiwa mtumishi wa kampuni hiyo, ilitolewa mandolini ya F-5, yenye matundu mawili ya umbo la herufi f badala ya tundu moja la umbo la yai. Ni F-5 ya mwaka 1923 aliyoipiga Bill Monroe katika muziki wa bluugrasi.

Mafundi hawa walikabili shida moja, nayo ni kubeba uzito wa nyuzi kwa ubao usiokuwa mnene. Mmoja aliukunja ubao, mwingine akauchonga ukainuka kama kuba. Bakuli la Napoli hutoa sauti tamu inayometameta. F-5 hutoa sauti kavu yenye nguvu, ipenyayo kati ya ala nyingine.

Msomaji wa pwani yetu hatazistaajabia njia hizi mbili. Gambusi ya kale, jamaa ya qanbus ya Yemeni, huchongwa katika kipande kimoja cha mti, na uso wake huwambwa ngozi. Udi, ambao jina lake la Kiarabu maana yake ni mti au ubao, huundwa kwa mbavu zilizounganishwa kwa gundi, na uso wake ni wa ubao. Hapa miundo miwili ina majina mawili. Kule miundo miwili ina jina moja. Kwa maoni yangu, jina la mandolini lilifuata mkono wa mpigaji: maadamu jozi nne na mkazo wake vilibaki, aliyejifunza bakuli aliweza kuishika F-5 bila ya kuanza upya.

Basi mtu akisoma habari za zamani za taarabu, na akakuta "udi" mahali pamoja na "gambusi" mahali pengine, asidhani kuwa mwandishi alikuwa akibadilisha maneno tu kwa ajili ya mapambo. Wala asidhani kuwa kila mwandishi alitofautisha. Aulize: mwili ulichongwa au uliungwa? Uso ni ngozi au ubao? Kamusi isiyojibu maswali hayo haimsaidii. Nasi tunaokusanya maneno yatupasa kwenda karakanani wakati mafundi wangalipo, kwani ala huweza kuhifadhiwa katika makumbusho, lakini maneno ya kazi yake yasipoandikwa hufa pamoja na fundi.