Retina: kwa nini mtoto njiti na mgonjwa wa kisukari wapimwe macho kabla ya dalili

Tukizungumzia macho hewani, ujumbe mwingi wa wasikilizaji huwa ni wa mtoto wa jicho, macho mekundu au miwani. Ni nadra mtu kuuliza kuhusu retina. Lakini magonjwa ya retina yana tabia moja mbaya: hayaumi, hayatoi tongotongo, na mara nyingi mtu akigundua kwamba haoni vizuri, sehemu iliyokwisha kufa hairudi tena.

Makala haya yanaeleza magonjwa mawili ya retina, mmoja wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati na mwingine wa watu wenye kisukari. Yanaeleza pia jinsi watafiti walivyogundua chanzo na tiba zake, na hatua ambazo wewe na familia yako mnaweza kuchukua.

Retina ni kitu gani?

Retina ni utando mwembamba ulio ndani kabisa, nyuma ya jicho. Mwanga ukiingia kupitia mboni huangukia kwenye utando huo, kisha mshipa wa fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, nawe unaona.

Fikiria kamera ya simu yako. Kwa mbele kuna lenzi, na kwa ndani kuna sehemu inayopokea picha. Jicho nalo lina lenzi. Lenzi hiyo ikiingia ukungu, huo ndio mtoto wa jicho, na daktari huitoa na kuweka ya bandia. Retina ndiyo ile sehemu ya ndani inayopokea picha, na hiyo haina ya kubadilisha. Ndiyo maana kazi kubwa ni kuilinda.

Mtoto njiti na oksijeni

Mishipa ya damu ya retina huanza kuota mtoto akiwa tumboni, karibu na wiki ya 16 ya mimba, na hukamilika mimba inapokaribia kutimiza miezi tisa. Mtoto anayezaliwa mapema sana huzaliwa mishipa hiyo ikiwa bado njiani.

Mwaka 1942, daktari Theodore Terry wa Boston, Marekani, alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa uliokuwa ukiwapofusha watoto njiti. Katika miaka iliyofuata maelfu ya watoto walipofuka, hasa katika nchi zilizokuwa na hospitali bora. Jambo hilo liliwashangaza wengi. Iweje watoto wanaotunzwa vizuri zaidi ndio wapofuke?

Mwaka 1951, daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alitoa hoja kwamba chanzo huenda ni oksijeni nyingi. Wakati huo watoto njiti waliwekwa kwenye mashine za joto na kupewa oksijeni kwa wingi, kwa nia njema kabisa. Mwaka 1953 hospitali 18 za Marekani zilianza utafiti wa pamoja: baadhi ya watoto walipewa oksijeni nyingi kama ilivyokuwa kawaida, wengine walipewa pale tu walipoihitaji. Matokeo yalikuwa wazi. Waliopewa nyingi waliumia macho zaidi.

Hapo hospitali nyingi zikabana oksijeni, na upofu ukapungua. Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1973 mtafiti Kenneth Cross wa Uingereza alikadiria kwamba kwa kila mtoto aliyeokolewa na upofu, watoto wapatao 16 huenda walikufa kwa kukosa oksijeni ya kutosha. Hata utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha mvutano uleule: watoto waliowekwa kwenye kiwango cha chini cha oksijeni walipata ugonjwa mkali wa macho kwa uchache, lakini waliokufa walikuwa wengi zaidi.

Somo lake kwa mzazi ni hili: oksijeni si adui. Mtoto anayeshindwa kupumua anaihitaji ili aishi, na usimzuie muuguzi kumpa. Kinachotakiwa ni ipimwe. Kile kifaa kidogo kinachofungwa mguuni au mkononi mwa mtoto, chenye taa nyekundu, kazi yake ni kuonyesha kiwango cha oksijeni kwenye damu ili kisipungue wala kisizidi.

Kwa nini suala hili linatuhusu sasa

Zamani kwetu watoto waliozaliwa wadogo sana hawakuishi muda wa kutosha kupata ugonjwa huu. Siku hizi, kwa vyumba vya watoto wachanga, oksijeni na njia ya mama kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, wengi wanapona. Hiyo ni furaha, lakini inakuja na wajibu mpya. Makadirio ya dunia kwa mwaka 2010 yalikuwa kwamba watoto wapatao 20,000 walipofuka au kubaki na uoni hafifu sana kwa sababu ya ugonjwa huu.

Mtoto wa namna hii ukimtazama kwa nje, macho ni mazuri. Daktari lazima atie dawa ya kupanua mboni, kisha aangalie ndani kwa kifaa maalumu. Nchi hazifanani katika kuchagua nani apimwe. India, kwa mfano, hupima watoto waliozaliwa chini ya wiki 34 au chini ya gramu 2,000, na kipimo cha kwanza hufanyika kabla mtoto hajapitisha siku 30. Ugonjwa ukifikia hatua ya kutibiwa, daktari ana siku mbili au tatu tu za kuuwahi. Mzazi anayesema atakwenda baada ya mavuno anaweza kufika retina imeshabanduka.

Mtu mzima mwenye kisukari

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, huharibu mishipa midogo ya retina. Mingine huvuja, mingine huziba. Sehemu iliyokosa damu hulazimisha mishipa mipya iote, na mishipa hiyo ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Baadaye makovu yake huivuta retina hadi ibanduke. Haya yote yanaweza kuendelea mtu akiwa bado anasoma ujumbe kwenye simu yake bila shida.

Tafiti mbili za Marekani zinafaa kukumbukwa. Wa kwanza ulianza miaka ya mwanzo ya 1970. Kila mgonjwa alitibiwa jicho moja kwa mwanga mkali wa kuchoma sehemu za pembeni za retina, na jicho la pili likaachwa ili kulinganisha. Kufikia 1976 ilionekana kwamba tiba ile ilipunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu. Watafiti hawakungoja ratiba yao iishe. Walibadilisha utaratibu ili jicho lililoachwa nalo, likihitaji, litibiwe.

Wa pili ulifanyika kati ya 1983 na 1993, kwa watu 1,441 wenye kisukari cha kutegemea insulini. Waliodhibiti sukari kwa ukaribu walipunguza hatari ya kuanza kupata ugonjwa wa retina kwa asilimia 76. Maana yake ni kwamba lishe, dawa na vipimo vya sukari ni tiba ya macho pia.

Njaa ya retina

Mtoto wa wiki sita na babu wa miaka sitini wanakutana wapi? Mwaka 1948 mtafiti Isaac Michaelson alihisi kwamba retina iliyokosa oksijeni hutoa kitu fulani kinachoita mishipa mipya. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake walitenga kemikali ya mwili inayoitwa VEGF, na mwaka 1994 ikapatikana kwa wingi ndani ya macho ya wagonjwa wa kisukari. Kwa mtoto njiti, oksijeni nyingi hunyamazisha kemikali hiyo kwanza, mishipa ikasimama; baadaye retina ikiona njaa, kemikali hufurika na mishipa ikaota ovyo.

Kwa hiyo tiba nazo zinafanana: leza, au sindano ya jicho inayozuia VEGF. Mojawapo ya dawa hizo, bevacizumab, ilianza kama dawa ya saratani. Utafiti wa mwaka 2011 kwa wazee wenye ugonjwa mwingine wa retina uliilinganisha na ranibizumab, dawa ya bei kubwa zaidi: dola 50 hivi kwa sindano dhidi ya dola 2,000. Baada ya mwaka mmoja matokeo ya uoni yalikuwa sawa. Shirika la Afya Duniani limeiweka bevacizumab kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwa watoto wachanga, madaktari wanaitumia kwa tahadhari, kwa kuwa dawa huingia kwenye damu ya mtoto anayekua, na mtoto lazima afuatiliwe muda mrefu.

Ukiombwa kushiriki utafiti

Bila wagonjwa waliokubali, yote haya yasingejulikana. Lakini kukubali ni hiari. Kwa Tanzania, utafiti wa afya hupitiwa kimaadili na kamati za maadili, ikiwemo ya taifa iliyo chini ya NIMR, na majaribio ya dawa huhitaji pia kibali cha TMDA. Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, kuuliza, kupewa muda wa kushauriana nyumbani, kukataa, na kujitoa baadaye bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Uliza: kuna faida na hatari gani? Nani atagharamia nikipata madhara? Nauli je?

Mambo ya kufanya

- Mtoto wako akizaliwa njiti, usiondoke wodini kabla ya kuuliza: "Macho yake yatapimwa lini na wapi?" Iandikwe kwenye kadi.
- Ukiambiwa urudi, rudi siku hiyohiyo, hata kama mtoto ananenepa.
- Mwenye kisukari cha ukubwani apimwe retina mara anapogundulika, kisha kila mwaka. Kisukari cha utotoni, kipimo huanza ndani ya miaka mitano.
- Mama mwenye kisukari akipata mimba, apimwe mapema katika mimba.
- Ukiona vidoa vyeusi vinaelea ghafla, mwanga kama radi au pazia linashuka jichoni, nenda hospitali siku hiyo.
- Mboni ya mtoto iking'aa nyeupe, hata kama umeiona kwenye picha ya simu tu, mpeleke haraka. Inaweza kuwa saratani ya retina, nayo ikiwahiwa hutibika.
- Siku ya kupimwa nenda na mtu wa kukurudisha, maana dawa ya kupanua mboni hufanya uone ukungu kwa saa kadhaa. Usiendeshe pikipiki wala baiskeli.

Zahanati nyingi hazina kifaa cha kuangalia retina. Omba barua ya rufaa, na uulize kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa hufanyika siku gani kabla hujapanda gari.